Filta ya Chumbani kwa Mama

Mama alianguka kando ya kisima, kwetu Jambiani, ndoo mkononi, akavunjika nyonga. Alipotolewa hospitali hapakuwa na shauri jingine ila nimchukue mimi. Dada yangu mkubwa, aliyekuwa akiishi naye, hushinda baharini kwenye mwani wake na hakuweza kumwacha mgonjwa peke yake kutwa nzima. Mimi nafanya kazi ya mapokezi katika hoteli ndogo ya Mji Mkongwe, na kutoka kwenye meza yangu mpaka mlangoni kwangu ni vichochoro viwili tu. Basi tukampandisha ngazi mpaka ghorofa ya pili, amekaa juu ya kiti cha mbao, wanaume wanne wamekishika huku na huku, naye amefumba macho anasoma kila sura aliyoihifadhi.

Mtaalamu wa mazoezi alikuwa akija mara mbili kwa wiki. Alituachia fremu ya chuma ya kushikilia wakati wa kutembea, akatuonyesha namna ya kumwinua mgonjwa bila ya kumtonesha, akasema mfupa umeunga vizuri na kilichobaki ni mama mwenyewe kutaka. Hapo ndipo palipokuwa na kazi, maana mama hakutaka. Alipiga hatua nne mbele ya yule mtaalamu, kwa heshima ya mgeni, na mgeni akishatoka alirudi kitandani akageukia ukutani. Dirisha la chumba chake nalo linatazama ukuta wa jirani, karibu kiasi kwamba ukinyoosha mkono unaugusa.

"Nnyanyuke niende wapi?" aliniuliza. "Huku ukuta, na kule ukuta."

Maisha yake yote alifungua mlango asubuhi akaona bahari, akajua kwa kuitupia jicho tu kama siku hiyo ataingia kwenye mwani au atabaki nyumbani. Sasa alikuwa hana cha kutupia jicho.

Mwezi wa pili wa mama kukaa kwangu, hoteli ikabadilisha meza ya mapokezi. Pembeni yake palikuwa na tangi la samaki, tupu kwa zaidi ya mwaka, tukilitumia kuwekea ramani za wageni. Likatolewa uani. Meneja akaniambia nikilitaka nilichukue. Nikasema nalitaka, upesi, kabla sijajua hasa nalitakia nini, na jioni ile ile nikawa uani nalisugua.

"Bi, acha! Acha hiyo sabuni!"

Alikuwa ni fundi wa mafriji na viyoyozi wa hoteli, mtu wa makamo, mzaliwa wa Mlandege ambaye babu yake alitoka Bara. Nilimjua kwa miaka mingi kwa salamu na kwa friji zilizogoma. Sikujua kuwa nyumbani kwake ana matangi matatu ya samaki wa maji matamu. Alininyang'anya kitambaa, akakimimina kile kidebe changu cha sabuni kwenye mfereji, akaanza kulisuuza tangi kwa maji matupu, mara tano, mara sita, huku akiniuliza maswali. Tangi la nani? Litakaa wapi? Filta iko wapi?

"Filta ndiyo nini hasa?" nikauliza.

Alisimama akanitazama kama mtu aliyeambiwa nyumba imejengwa imesahauliwa choo.

Nilidhani filta ni mfano wa kichungi cha chai, inashika takataka na basi. Fundi alinieleza taratibu, amechuchumaa pale uani. Samaki anakula, anakunya, na uchafu wake pamoja na mabaki ya chakula hugeuka sumu isiyoonekana, inaitwa amonia. Maji yanaweza kuwa safi machoni na samaki wakafa ndani yake. Kazi kubwa ya filta ni kuwapa makaazi vijidudu vizuri ambavyo huila hiyo sumu. Vijidudu hivyo huota ndani ya sponji, na haja zao ni tatu: mahali pa kushikamana, hewa, na muda.

"Muda ndio watu hawana," alisema. "Wananunua tangi leo, leo leo wanatia samaki, wiki ijayo wanazika."

Siku ya pili alikuja na vitu ndani ya mfuko wa plastiki: sponji nyeusi ya duara yenye bomba katikati, mpira mwembamba mrefu, na pampu ndogo ya hewa, ukubwa wake kama kiboksi cha sabuni ya kuogea. Alisema kwa mtu anayeanza hakuna filta iliyo bora kuliko hii. Pampu inasukuma hewa kwenye mpira, hewa inapanda bombani kwa mapovu, na mapovu yakipanda yanavuta maji yapite ndani ya sponji. Haina cha kuharibika isipokuwa pampu, na haimezi samaki wadogo.

Tangi lilipanda ngazi mgongoni kwa hamali, limefungwa godoro la mtoto. Nilitaka kuliweka katikati ya chumba ili mama alione vizuri, fundi akakataa. Akapiga sakafu kwa kisigino, akasikiliza, akatafuta boriti zinavyopita. Maji na changarawe, alisema, vitakuwa na uzito wa mtu mzima asiyeondoka hata kwenda msalani. Tukaliweka kwenye kabati fupi la mvule, karibu na ukuta mnene, kando ya dirisha. Hatua kumi na moja kutoka kitandani. Nilizihesabu siku nyingine, kwa sababu nitakayoieleza.

Mama alitazama yote haya kwa jicho moja, jingine likiwa chini ya mtandio.

Maji ya bomba tuliyalaza kwenye ndoo siku nzima ili dawa itoke. Nilikuwa na wasiwasi na maji yetu, maana birika langu limejaa chokaa ndani kama limepigwa lipu. Fundi akasema samaki atakaoniletea, gapi, samaki wadogo wenye mikia mipana, wanayapenda maji ya namna hiyo. Kisha akatoa kitu cha mwisho mfukoni: kipande cha sponji kuukuu kutoka tangi lake, rangi ya udongo, kinatoa harufu ya kisima. Akakikamua ndani ya maji yetu masafi. Maji yakawa rangi ya chai ya rangi.

"Subhanallah!" mama alisema, na hilo lilikuwa neno lake la kwanza siku hiyo. "Mwanangu, huyu bwana anakutilia uchafu nawe unamtazama?"

"Ndiyo mbegu yenyewe, Bi mkubwa," fundi akamjibu kwa adabu. "Bila ya hii tungekaa mwezi mzima na zaidi. Sasa huenda wiki tatu zikatosha."

Basi tukakaa na maji. Asubuhi rangi ilikuwa imetulia, na siku ya tatu tangi lilikuwa jeupe, sponji iko kwenye kona inatoa mapovu, na hakuna kiumbe ndani. Kila siku nilitia chembe mbili tatu za chakula cha samaki ili vijidudu vipate riziki. Majirani waliokuja kumjulia mama hali walitazama tangi, wakanitazama mimi.

"Mnanifugia maji?" mama aliuliza siku ya nane.

"Vijidudu vinaota, mama."

"Vijidudu. Nimevunjika mguu, sasa nnaletewa na maradhi."

Lakini alikuwa amegeuka. Hilo nililiona. Alilala kwa ubavu uliomuuma kidogo ili auelekee upande wa mapovu, na kwa ajili hiyo nikakosa subira. Siku ya kumi nilimsihi fundi alete samaki. Alitikisa kichwa, akanipimia maji kwa matone ya dawa yake ndani ya kichupa, akasema rangi si mbaya, akaleta sita tu. "Sita, Bi. Na chakula kidogo. Kidogo kuliko unavyoona ni kidogo."

Sijui nimweleze vipi mama siku ile. Alikaa kitako peke yake, bila ya kuinuliwa. Mmoja wa wale samaki alikuwa na mkia wa rangi ya machungwa wenye madoa, mama akasema ni mfano wa kanga aliyowahi kuwa nayo ujanani. Nilipotoka kwenda kazini alikuwa akiwatazama, na niliporudi alikuwa akiwatazama, na baina ya hapo alikuwa amekula chakula chote nilichomwachia.

Tatizo lilikuwa sauti ya pampu. Mchana huisikii, mji una sauti zake. Lakini baada ya sala ya Isha, vichochoro vikishatulia, ile pampu juu ya kabati la mbao ilikuwa ikinguruma kama nyuki aliyefungiwa kwenye kopo.

"Hainipi usingizi," mama alisema. "Izime, mwanangu, utaiwasha asubuhi. Samaki nao si wanalala?"

Niliona ni maneno ya busara. Samaki walale, mama alale. Nikawa naizima kabla sijalala na kuiwasha baada ya Alfajiri. Sikumwambia fundi, kwa sababu sikuona kuwa ni jambo la kumwambia mtu.

Wiki ya pili tangu samaki waje, Jumanne, maji yalianza kupata ukungu. Jumatano samaki walikuwa juu juu, midomo yao inagusa hewa. Nikafikiri wana njaa, nikawaongeza chakula. Alhamisi na Ijumaa hoteli ilijaa wageni, nikawa narudi nimechoka, natupa chakula kwa haraka na kupita.

Ijumaa hiyo dada alikuja, kama alivyokuwa akija kila Ijumaa, na kapu la mihogo na samaki wa kukaanga. Dada yangu ni mtu wa usafi. Akiingia nyumbani kwako, kabla hajakaa, ameshashika fagio. Nilirudi jioni nikamkuta ameshaondoka kuwahi gari ya shamba, chumba cha mama kinanukia sabuni ya unga, mashuka yamebadilishwa, na tangini sponji haipo. Nilipanda mbio kwenye paa. Ilikuwa imeanikwa kwenye kamba baina ya foronya mbili, imebanwa na kibanio, nyeusi tii kama siku ilipotoka dukani.

Niliirudisha tangini. Asubuhi yake samaki wanne walikuwa wamekufa.

Niliwatoa kwa kijiko mama anaona. Alijilaza, akavuta mtandio, akageukia ukutani.

Nikatoka ukumbini nikampigia dada simu. Haya ni maneno ninayoyaonea haya mpaka leo, lakini nitayaandika. Nilimwambia, "Umewaua samaki wa mama kwa usafi wako. Kila kitu lazima ukitie mkono. Mama alikuwa ameanza kupona, na wewe umemrudisha pale pale."

"Mimi?" dada akasema.

"Nani mwengine?"

Nilisikia upepo wa kwao kwenye simu. Kisha akasema, "Haya," akakata.

Ijumaa iliyofuata hakuja. Nilimwambia mama kuwa dada ana kazi nyingi, mwani umekomaa. Ijumaa ya pili pia hakuja, nikamwambia vile vile. Mama alikuwa akila vijiko vitatu na kusukuma sahani. Mtaalamu wa mazoezi alikuja akaondoka bila ya mama kunyanyuka hata hatua zile nne. Samaki wawili waliobaki walikuwa wakijificha nyuma ya sponji, na mimi nilikuwa nikimkwepa fundi kila alipoingia hotelini, maana niliona haya kumwambia habari ya kuzika.

Lakini friji ya jikoni iliharibika, naye akaja, akanikuta mezani sina pa kujificha.

"Wale watoto hawajambo?" aliuliza.

Nikamwambia yote. Nilipofika kwenye sabuni ya unga alifumba macho. Ila hakuwa mtu wa kuchukua jibu la kwanza. Mchana ule, baada ya kumaliza friji, tulikwenda nyumbani pamoja. Alimwamkia mama, akachota maji kidogo kwenye kichupa, akatia matone yake, akakitikisa na kukiegemeza dirishani. Maji yakageuka kijani.

"Amonia," alisema. "Nyingi." Kisha akainama, akaitazama pampu, akatazama waya wake. "Bi, hii mashine inawaka mchana na usiku, sio?"

Nikasema, "Usiku naizima."

"Tangu lini?"

"Tangu siku walipokuja samaki."

Aliketi kwenye ukingo wa dirisha. Akaniuliza dada alikuja siku gani. Ijumaa. Akaniuliza maji yalianza kupata ukungu siku gani. Nikafungua mdomo, nikahesabu, nikaufunga.

"Jumanne," nilisema.

"Na kutweta juu?"

"Jumatano."

Hakunilaumu. Alinieleza tu, kwa sauti ile ile ya siku ya kwanza uani, kuwa vile vijidudu vinavuta pumzi kama sisi. Kila nilipoizima pampu, sponji ilikosa hewa, vijidudu vikafa kidogo kidogo, sumu ikajikusanya, na samaki wenyewe wakakosa pumzi. Chakula nilichowaongeza kilizidisha. "Sabuni haikusaidia," alisema. "Lakini dada yako aliwakuta wameshalewa. Hata asingekuja, wasingefika Jumapili."

Mama alikuwa kitandani, mtandio umemfunika uso. Nilidhani amelala.

Siku ya pili niliomba ruhusa kazini nikaenda Jambiani. Bahari ilikuwa imekupwa mbali, na dada alikuwa amekaa ufukweni chini ya kibanda cha makuti pamoja na wanawake wenzake, wanafunga vipande vya mwani kwenye kamba.

"Shikamoo dada."

"Marahaba," alisema, bila ya kuinua macho. Lakini alisogea, akanipa nafasi mkekani, akanisukumia upande mmoja wa kamba. Nikaanza kufunga. Miaka mingi sikuwa nimefunga mwani.

"Hivyo utafunguka maji yakija," akasema baada ya muda.

Nikaufungua ule wangu, nikafunga upya. Nikasema, huku natazama kamba, "Dada, samaki niliwaua mimi."

Nikamweleza habari ya pampu, na Jumanne, na matone ya kijani. Wale wanawake walikuwa wakisikiliza waziwazi, mmoja ameacha kabisa kazi. Dada alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mimi nilipoingia siku ile," akasema, "maji yalikuwa kama maji ya kuoshea mchele. Nikasema, mdogo wangu kachoka. Kazi ya hoteli, kazi ya mama, hana hata nafasi ya kukifua hiki kisponji. Ngoja nimfulie."

Hapo sikuweza tena kufunga kitu. Dada akaniacha nilie, kisha akanifuta uso kwa pindo la kanga yake yenye chumvi, na ile chumvi ikaniingia machoni nikalia zaidi, na mmoja wa wale wanawake akaanza kucheka, na dada naye akacheka.

"Na sabuni yenyewe nilitia kidogo," alisema.

"Dada, hata hiyo kidogo."

"Ntajua vipi mie? Ndo kwanza nasikia uchafu unafugwa."

Tulirudi mjini pamoja jioni ile ile. Njiani nilijiambia kuwa lazima nimweleze mama kweli, kwamba dada hakuwa na kazi nyingi, ni mimi niliyemfukuza kwa maneno. Nikamweleza nimesimama mlangoni. Mama alitusikiliza sote wawili, kisha akafunua mtandio.

"Na nani aliyesema izimwe?" aliuliza. "Si mimi? Nnalala hapa nnawatazama wanatweta, najua kabisa mimi ndo niliyetaka usingizi. Yule bwana aliposema maneno yake jana, yalinithibitikia tu. Wiki mbili nnaona haya kuwatazama."

Kumbe ndicho kilichomgeuza aelekee ukutani. Sisi tulidhani ni huzuni ya samaki au uchungu wa mguu. Dada akakaa upande huu wa kitanda, mimi upande ule, na kwa mara ya kwanza baada ya wiki mbili nilihisi kifua changu kinaingia hewa mpaka chini.

Fundi alikuja tena Jumapili. Pampu aliitoa juu ya kabati, akaining'iniza kwenye msumari kwa kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli, juu zaidi ya usawa wa maji ili umeme ukikatika maji yasirudi nyuma kuingia kwenye mashine. Ngurumo ikaisha. Ilibaki sauti ya mapovu tu, na mama akasema hiyo haimkeri, hiyo ni kama maji yanapoanza kujaa. Alituletea tena kipande cha sponji chafu, na safari hii mama ndiye aliyesema, "Kamua vizuri, bwana, usibakishe." Tukawa tunabadilisha theluthi ya maji kila siku. Na sponji, fundi alimwelekeza dada mwenyewe, husuuzwa mara moja kwa mwezi ndani ya ndoo ya maji yaliyotoka tangini humo humo, kukamuliwa mara mbili, basi.

Dada akaifanya kuwa kazi yake. Kila Ijumaa alifika, akavua viatu, na kabla ya fagio akapima maji kwa yale matone, aliyotuachia fundi; sumu ikiisha, alituambia, rangi huwa njano. Ijumaa ya kwanza, kijani. Ya pili, kijani kibichi chenye unjano. Ya tatu alikiinua kichupa kwenye mwanga wa dirisha akakaa nacho muda mrefu, nikaogopa.

"Njano," akasema. "Hebu njoo utazame wewe, macho yangu yasinidanganye."

Ilikuwa njano safi, kama maji ya zafarani. Tulimpelekea mama kichupa kitandani akakishika kwa mikono miwili.

Wiki hiyo hiyo mmoja wa wale wawili waliobaki akazaa. Gapi hawatagi mayai, huzaa watoto wanaoogelea, nami sikujua. Nilikuwa nafuta kioo nikaona nukta zenye macho, nikadhani ni wadudu, nikaita. Mama alitaka kuwaona. Nukta hizo huzioni kutoka kitandani. Aliagiza fremu. Dada upande mmoja, mimi upande mmoja, akasimama, akapiga hatua nne, akapumzika, akapiga tatu, akakalia kiti tulichomsogezea, kisha akasimama tena akamaliza. Ndipo nilipozihesabu: kumi na moja. Alikaa pale mpaka adhuhuri. Aliona pia kuwa kioo cha upande wa dirisha kimeota ukijani, akaupapasa kwa kidole.

"Mwani," alisema. "Nimeukimbia pwani, umenifuata ghorofani."

Tukio la mwisho ninalotaka kulieleza ni la mchana mmoja wa joto, kiasi cha miezi miwili baadaye. Fundi alikuwa ametupa pampu ndogo ya kuchaji, kwa ajili ya siku za kukatika umeme. Haiwaki peke yake. Lazima mtu aichomeke mpira na abonyeze kidude, na mtu huyo alikuwa mimi. Mchana ule nilikuwa mezani kwangu naandikisha wageni, umeme ukakatika, jenereta ya hoteli ikawaka, nami nikaendelea na kazi kama kawaida. Ilipita saa nzima na zaidi ndipo nilipokumbuka kuwa nyumbani kwangu hakuna jenereta. Tangi sasa lilikuwa na samaki zaidi ya ishirini.

Nilimwachia mwenzangu wageni, nikakimbia vichochoro viwili, nikapanda ngazi zile bila ya kushika kamba ya kushikilia ya ukutani. Nikasukuma mlango wa chumba. Kitanda kilikuwa kitupu.

Siwezi kueleza hofu ya sekunde ile. Niliitafuta sakafu kwanza, nikitarajia kumwona amelala chini. Hakuwepo. Alikuwa kwenye kiti kando ya tangi, fremu yake mbele, mtandio umemteremka mabegani, na ndani ya maji mapovu yanapanda kutoka kwenye sponji moja baada ya jingine.

"Unahema nini?" aliniuliza. "Nshawasha."

"Mama, umefikaje hapo?"

"Kwa miguu. Ulitaka nifike kwa nini?"

Nikakaa chini sakafuni pale pale, mgongo kwenye kabati la mvule. Baridi ya ukuta mnene ilikuwa nzuri. Nilikisikia kile kipampu cha kuchaji kinapiga taratibu juu ya kichwa changu, na mama akaniacha nipumue, kisha akanikumbusha kuwa nina wageni wanangoja funguo zao.

Nilipofika chini nilimpigia dada. Alikuwa ufukweni. Nilimwambia kwa maneno matano, na yeye akapiga kelele kubwa kiasi kwamba niliwasikia wale wanawake wenzake wakimuuliza kwa hofu ni nani aliyekufa.

"Hajafa mtu," nilimsikia akiwajibu, sauti imemkauka. "Mama kasimama. Peke yake, kasimama."